Mkonge Mbichi Kwenye Matuta ya Wageni

Kwa wiki mbili nzima nililala vipande vipande, na kila nilipoamka nilikuta swali limeshaamka kabla yangu: nani ameua ile miche? Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na jibu lake. Alisema ni bibi anayefagia. Mimi nilikuwa na jibu lingine ambalo sikutaka kulitazama usoni, kwa sababu jibu hilo lilikuwa mimi.

Miche arobaini na kitu ya mchaichai, asumini na mlonge si msiba. Ikifa, inapandwa mingine. Lakini kwa ajili ya miche hiyo mtu alikuwa karibu kuondolewa kazini, na karatasi ya kumwondoa nilikuwa nimeagizwa kuiandika mimi.

Nilifika pale mwezi wa saba, nikiwa na shahada ya kilimo cha bustani na mwaka mmoja na nusu wa kukaa nyumbani Korogwe nikijaza maombi ya kazi. Mama yangu anauza vitambaa sokoni Manundu. Alikuwa amechoka kuniona nikiangalia simu kila baada ya dakika tano kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mteja wake mmoja, mama wa Kishambaa mwenye nyumba ya wageni upande wa Sindeni, njia ya kwenda Handeni, alimwambia anatafuta kijana wa kumtengenezea bustani ya kisasa, isiyokula maji. Mama akamjibu kwamba anaye mmoja nyumbani, naye anakula tu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshapakiwa pamoja na godoro langu.

Nyumba yenyewe ina vyumba kumi na viwili katika safu mbili zinazotazamana, na katikati kuna njia ya udongo mwekundu. Mbele, karibu na barabara, kuna ukumbi wa chakula. Wageni ni maofisa wanaokuja kwenye semina, wafanyabiashara wa mahindi na mifugo, na mara mojamoja familia inayokwenda mazikoni ikashindwa kumaliza safari. Mwenye nyumba anaishi Lushoto, na hushuka kukagua kila baada ya Ijumaa mbili. Amekulia mahali ambapo maji yanapita nyuma ya jiko yenyewe bila kuitwa, na nadhani hajawahi kuisamehe Handeni kwa ukavu wake.

"Nataka mgeni akishuka kwenye gari aone kijani," aliniambia siku ya kwanza, akiwa amesimama juani na mkono usoni. "Hapa sasa hivi anaona nini? Anaona uwanja wa shule."

Nikamwandikia mpango wa kurasa kumi na moja. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa, ninaandika. Nilipanga maji ya mvua yavunwe kutoka kwenye mabati hadi kwenye simtanki, na maji ya kuogea ya wageni yapite kwenye mfereji wa kokoto mpaka kwenye migomba. Nilipanga tupande vitu vinavyovumilia ukame badala ya majani ya kumwagilia kutwa mara mbili. Na nilipanga matandazo kila mahali, yaani kuufunika udongo kwa nyasi au majani makavu ili unyevu usikimbie. Mama mwenye nyumba alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa mwisho, akasema, "Vizuri. Anza."

Hakujua kwamba neno hilo dogo lilinimaliza. Nilitumaini atanipinga mahali fulani, ili jambo likiharibika tuwe wawili.

Bibi nilimkuta kesho yake alfajiri. Nilikuwa nimetoka na futi kupima mashimo ambayo nilikuwa nimeshayapima jana yake. Yeye ni Mzigua wa Kwaluguru, na alianza kazi pale nyumba ilipokuwa na vyumba vinne tu. Alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika fagio la vijiti alivyovikata mwenyewe porini, akifagia huku akirudi nyuma. Alifagia kinyumenyume ili asiache nyayo. Nyuma ya fagio lake, au tuseme mbele, udongo ulibaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Alipofika mwisho wa njia, uwanja mzima haukuwa na alama ya mguu wa mtu yeyote, hata wake. Alisimama akautazama kidogo, kabla mgeni wa kwanza hajafungua mlango na kuuharibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye bwana shamba mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona mwembamba hivi? Shamba lako halikulishi?"

Nikacheka, ingawa lilinichoma. Nikamweleza kazi yangu. Nilimweleza kwa urefu, nikiwa nimekwishaona hatari: mpango wangu wa kurasa kumi na moja ulikuwa unataka udongo ufunikwe, na maisha ya bibi huyu yalikuwa ya kuufunua. Aliitikia tu, "Haya, haya."

Wiki hiyo nilikata nyasi kavu nyuma ya uzio, nikatandaza kando ya njia. Asubuhi yake nikakuta njia tupu na nyasi zangu zinafuka moshi nyuma ya jiko, zimerundikwa vizuri.

"Bibi, zile nyasi naomba tuziache. Zinaulinda udongo."

"Zinaulinda na nini?"

"Na jua."

"Na nyoka je? Wewe unamtandikia nyoka kitanda nje ya mlango wa mgeni, halafu unaniambia udongo." Akamgeukia mpishi aliyekuwa anapita na ndoo. "Umemsikia bwana shamba? Udongo unaungua na jua! Miaka yote hii tunautesa!"

Mpishi alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikafikiri majibu manne mazuri, yote yamechelewa.

Sikumchukia. Nataka liwe wazi. Nyumbani kwetu pia mama hufagia kabla ya kuchemsha chai, na nimekua nikijua kwamba uwanja wenye majani ni wa watu wenye mgonjwa ndani. Jirani akiuona hivyo saa tatu asubuhi, anakuja kuuliza kuna nini. Nilijua hayo yote nikiwa chuoni, nikijibu mitihani kuhusu matandazo, na haikunijia hata mara moja kwamba vitu hivi viwili vitakutana siku moja, nami niko katikati.

Agosti ikaisha, Septemba ikaingia na joto lake. Nilikuwa nabeba maji ndoo kwa ndoo kwa sababu mfereji wa kokoto ulikuwa umeziba kwa sabuni na nywele za wageni, na kila nilipouzibua uliziba tena. Mgongo uliniuma. Jioni nilikuwa nahesabu siku za kufika vuli. Nilitaka mvua inikute nimepanda, na udongo umefunikwa na kitu kizito ambacho fagio la vijiti haliwezi kukisogeza kwa urahisi.

Mwishoni mwa Oktoba, nikiwa nimekwenda Korogwe kumwona mama, nilipita karibu na mashamba ya mkonge, nikaona yale malundo ya mabaki nyuma ya korona, pale ambapo majani ya mkonge husagwa nyuzi zikatolewa. Yanabaki makapi laini, ya kijani, mengi kupita kiasi, na hakuna anayeyataka. Nikakumbuka nimewahi kusoma chuoni kwamba mabaki hayo yanafaa kwa mbolea na matandazo. Yanapatikana bure, ni ya mkoa wetu wenyewe, ni mazito, na yanageuza taka kuwa faida. Hata sentensi ya kumwambia mama mwenye nyumba niliipata palepale.

Dereva wa pikapu anayeleta kreti za soda ndiye aliyekubali kuniletea. Alipomwaga lundo la kwanza mbele ya vyumba, aliziba pua kwa kola ya shati.

"Miaka yote hiyo ya chuo ulisomea hii?"

"Ni matandazo, kaka."

"Ni matapishi, kaka," akasema, akapanda gari.

Lilinuka kweli. Lilikuwa na harufu chungu, kama togwa iliyopitiliza siku. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na mimi nikiamua jambo mara moja kwa mwaka hulishikilia kwa woga zaidi kuliko kwa ujasiri. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kukaa, nilipanda miche yote. Kisha nikaizungushia yale mabaki, unene wa vidole vinne, nikayasogeza mpaka kwenye shina kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Niliyaweka sehemu mbili: kwenye matuta ya kando ya njia ya vyumba, na kwenye matuta mawili ya mviringo mbele ya ukumbi wa chakula.

Bibi alikuja, akasimama, fagio begani.

"Umetuletea maiti gani hapa?"

Nikamwomba. Safari hii sikueleza lolote kuhusu jua, nilimwomba tu, kama mjukuu. Akakubali nusu. Matuta ya njia ya vyumba atayaacha, alisema, kwa sababu nimejipinda mgongo ameniona. Lakini mbele ya ukumbi hapana.

"Pale watu wanakula. Nimfagilie mgeni mpaka kizingitini, halafu nimwachie harufu kwenye sahani? Hapana, mwanangu. Hilo siwezi."

Kila alfajiri aliyakomba yale mabaki ya mbele ya ukumbi mpaka udongo ukabaki uchi, akayarundika kwenye uzio. Saa tatu mimi niliyarudisha. Alfajiri akayaondoa. Tulifanya hivyo siku tatu bila kusemezana juu yake, tukisalimiana vizuri tu. Siku ya nne sikuyarudisha. Nilichoka. Badala yake nikafanya jambo ambalo ndilo hasa lililonitesa baadaye: nilimpigia simu mama mwenye nyumba nikasema, "Kazi inaendelea, ila bibi anaondoa matandazo."

Ni sentensi fupi. Niliifanyia mazoezi kabla ya kupiga. Nilitaka tu aone kwamba kama bustani ikichelewa kuna sababu, na sababu hiyo ina mtu.

Vuli ilikuja kwa nguvu, mvua ya siku mbili mfululizo. Simtanki lilijaa mpaka likamwaga. Nilisimama barazani nimelowa, nikiwaza kwamba pengine nilikuwa nimejitesa bure, kwamba mambo mengine duniani huenda vizuri tu. Baada ya siku sita, mchaichai wa kando ya njia ulianza kuwa wa manjano kuanzia chini. Baada ya siku kumi milonge ilikuwa imelala. Nilipofukua shina moja, nililikuta jekundu-jeusi na laini pale lilipogusana na mkonge, kama limechomwa na pasi. Nikaingiza mkono ndani ya yale mabaki. Yalikuwa ya moto.

Mbele ya ukumbi, kwenye yale matuta mawili aliyoyakomba bibi, miche ilikuwa imesimama. Si yote. Miwili ilikuwa imeliwa na mchwa, na asumini moja ilikanyagwa na mtoto wa mgeni. Mingine ilikuwa myembamba na ina majani machache. Lakini ilikuwa hai.

Niliona hayo siku hiyohiyo. Baadaye nilijiambia kwamba sikuona vizuri, kwamba sampuli ni ndogo, kwamba udongo wa mbele huenda ni tofauti, kwamba kivuli cha ukumbi kinasaidia. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kutoona.

Mama mwenye nyumba alifika Ijumaa. Matuta ya vyumba ndiyo ya kwanza kuonekana mtu akiingia kwa gari. Alitembea njia nzima, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na kila tuta alilolipita lilikuwa na miche imelala. Mwisho wa njia alimkuta bibi anakomba majani ya mwarobaini yaliyoangushwa na mvua.

"Si ndiye huyu uliyeniambia anafagia dawa zako?" akaniuliza.

"Ni matandazo, mama, si dawa."

"Ndiyo hayo. Anayafagia?"

Nilitakiwa kusema: ameyafagia kwingine, na huko miche imepona. Nilisema, "Ndiyo, anayafagia."

Bibi alisikia. Aliendelea kufagia, kinyumenyume, akija upande wetu, na ikabidi sisi wawili tusogee kumpisha.

Tukaingia ukumbini. Mama alinieleza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu aliyekwishaamua. Bibi ni mzee, magoti yanamsumbua, uwanja wenyewe kwa mpango wangu hautahitaji kufagiwa sana. Alisema hata mimi nimeandika hivyo, ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimesahau ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimeandika kwamba matandazo "yatapunguza kazi ya kufagia," nikidhani ninataja faida.

"Sasa mimi simfukuzi mtu kienyeji," alisema. "Wanawe wananifahamu. Nataka maandishi ya mtaalamu, kwamba miche imekufa kwa sababu hii na hii. Ijumaa nikirudi, baada ya wiki mbili, unipe karatasi, nimwite nimweleze kwa heshima."

"Sawa, mama," nikasema.

Hapo ndipo usingizi ulipoondoka.

Niliandika karatasi ya kwanza Jumamosi. Ilikuwa ya kweli yote, neno kwa neno, na ilikuwa ya uongo. Ilisema matandazo yaliondolewa mara kwa mara na mfanyakazi wa usafi. Ilisema miche mingi imekufa. Haikusema kwamba sentensi ya kwanza na ya pili zinahusu matuta tofauti. Niliisoma mara nyingi nikitafuta kosa la kisheria, nikakosa, na kukosa huko hakukunipa amani.

Nikajipa kazi ya kujihakikishia. Nilichukua makopo sita ya maziwa, nikayajaza udongo uleule, nikapanda kunde. Matatu nikayafunika kwa mkonge kutoka kwenye lundo, matatu nikayaacha. Niliyapanga dirishani kwangu. Kila asubuhi na jioni niliyatazama, nikimwomba Mungu kitu ambacho sijui kama kinaruhusiwa kuombwa: kwamba zile kunde za chini ya mkonge ziote, ili isiwe mimi. Siku ya tano makopo matatu yaliota. Ni yale yasiyofunikwa.

Nilifungua madaftari yangu ya chuo niliyoyaleta kwenye begi na ambayo sikuwa nimeyagusa. Niliipata ile sehemu. Mwandiko ni wangu. Mabaki ya mkonge yanafaa, nilikuwa nimeandika, na mbele yake, kwa herufi ndogo za mtu anayekimbizana na mwalimu: *yakae kwanza miezi kadhaa yaoze, mabichi yana asidi, yanachoma*. Nilikuwa nimesoma nusu ya mstari, maisha yangu yote yakajengwa juu ya nusu hiyo. Yaani nyumba nzima ya wageni, na kazi ya bibi.

Sasa nilijua, na kujua hakukunifanya jasiri. Kulinichosha tu zaidi. Nilipanga kila namna ya kusema. Nikisema, nitaondoka mimi. Nitarudi Korogwe na godoro, na mama atalazimika kumweleza mteja wake kwa nini kijana wake mwenye shahada amechoma bustani. Nisiposema, ataondoka bibi, na watu watasema ni uzee tu. Kulikuwa na njia ya tatu niliyoipenda sana kwa siku mbili: kumwambia mama mwenye nyumba kwamba sababu haijulikani. Mvua nyingi, hali ya hewa. Siku hizi mtu akisema hali ya hewa hakuna anayebisha. Lakini bibi angeondoka vilevile, kwa sababu ya magoti na ukurasa wa tisa.

Jumatano ya wiki ya pili nilimkuta bibi ameketi kwenye ngazi ya stoo, anafunga vijiti vipya vya fagio kwa kamba ya mgomba. Nikaketi karibu naye. Nilitaka nimsikie akisema kwamba amechoka na kazi, kwamba angefurahi kupumzika. Ningeipata hiyo, ningelala.

"Bibi, hutaki kupumzika nyumbani? Wajukuu wapo."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako, Kwaluguru."

"Kwangu." Alivuta kamba kwa meno, akaikaza. "Kwangu sasa kuna mke wa mwanangu. Anafagia vizuri, simsemi vibaya. Nikishika fagio pale ananinyang'anya, 'Mama kaa, mama pumzika.' Nikae nimtazame? Uwanja ni wake. Mimi wangu ni huu." Akaniangalia. "Au nimeambiwa niuache?"

Nilisema naenda kuangalia simtanki.

"Nenda," akasema. "Lisije likaondoka."

Siku hiyo nilikwenda kweli mpaka kwenye simtanki, nikaegemeza paji la uso kwenye plastiki yenye joto. Nilikuwa nimechoka kuliko siku zote za ndoo. Nikafikiri: hata nikibaki, kila alfajiri nitaamka nikute uwanja haujafagiwa, na nitajua kwa nini. Hakukuwa na wazo kubwa zaidi ya hilo. Nilichana karatasi kutoka kwenye daftari, nikaandika nikiwa nimesimama, nikitumia kifuniko cha ndoo kama meza. Mistari minane. Sikuirudia kuinakili vizuri, kwa sababu ninajijua; ningeirudia, ingekuwa kurasa kumi na moja.

Ijumaa mama mwenye nyumba alifika saa nne, akaagiza chai na viazi vitamu, akamwita bibi akae. Bibi aliketi pembeni ya kiti, mtandio ameufunga vizuri, mikono mapajani. Alijua. Mimi nilibaki nimesimama.

Nikampa mama karatasi. Aliisoma mdomo ukitembea.

"Hii siyo niliyoagiza."

"Ndiyo, mama. Siyo."

"Unasema ni mkonge."

"Ni mkonge mbichi. Ulitakiwa uozeshwe kwanza miezi kadhaa. Niliuweka mbichi mimi, mpaka kwenye shina. Mvua iliponyesha maji yake yakaunguza mizizi. Kule mbele, ambako bibi aliuondoa, miche imepona. Unaweza kuiona hapo dirishani. Na ile simu niliyokupigia nilimsingizia. Alichoondoa ndicho kilichokuwa kinaua."

Mama aligeuka kutazama dirishani. Akanywa chai.

"Umelijua hili lini?"

"Kwa uhakika, wiki iliyopita. Lakini siku ile uliponiuliza, nilikuwa nimeshaona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Akamgeukia bibi. "Kumbe ulikuwa unatuokolea miche?"

"Mimi?" Bibi alishangaa kabisa. "Sikujua lolote, mwanangu. Nilifagia kwa sababu inanuka."

Mpishi alitoka mlangoni pa jiko ghafla, nadhani ili akacheke nje. Mama mwenye nyumba aliweka kikombe chini kwa nguvu kidogo.

"Basi mmoja hajui na mwingine anajua hasemi, na nyumba ni yangu," akasema. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Bibi, nenda kaendelee na kazi yako. Hakuna jambo."

Bibi aliinuka, akashika goti, akatoka. Alipofika kwangu hakusimama, ila alisema chini chini, "Bwana shamba," kisha akacheka kidogo kwa pumzi.

"Na wewe," mama akaniambia, "nitakufikiria. Mwezi huu ukiisha tutazungumza, na mama yako nitamweleza mwenyewe. Kwanza kaniondolee huo uchafu wako wote."

"Sawa, mama. Na ukurasa wa tisa naomba niufute. Njia na mbele ya ukumbi pabaki pa kufagia. Matandazo tutayaweka nyuma tu, kwenye migomba, na yawe yameoza."

"Nimesema kwanza uondoe."

Nikaenda kuchukua toroli na koleo. Nilichimba shimo nyuma ya migomba, mbali na vyumba, la kuyaozesha yale mabaki, kisha nikaanza na tuta la chumba namba moja, nikiyachota kidogo kidogo na kuing'oa miche iliyokufa. Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimemaliza la chumba cha tano. Mikono ilikuwa inawasha mpaka kwenye kiwiko, na vyumba saba vilikuwa bado.